Mjomba Barzillai na Mwezi wa Mapajani

Mjomba wangu Barzillai Peck ana mikono baridi. Hata wakati wa mavuno, wengine tukitiririka jasho, akikushika tumbo unasahau ugonjwa uliokupeleka kwake na unaanza kuwaza blanketi. Mama yangu, ambaye ni dada yake mkubwa, husema mjomba alizaliwa Februari ya baridi kali ambayo mkunga alilazimika kuvunja maji ya pipa kwa shoka, na baridi ile ikamwingia vidoleni isitoke tena. Mimi nami nilizaliwa Februari na mikono yangu ni ya moto. Lakini mama akishasema jambo mara tatu, kwetu huwa tunaliacha lipite.

Alipofika miaka kumi na minne walimpeleka kwa daktari mzee Huntley akajifunze kazi kwa miaka saba. Miaka mitatu ya mwanzo alijifunza kumlisha farasi wa daktari. Wa nne akapalilia vitunguu. Wa tano akakabidhiwa kinu cha kusagia dawa, na wa sita akapandishwa cheo, akawa anawashika wagonjwa wasikimbie. Mwaka wa saba, ambao ndio ulikuwa wa kufundishwa udaktari wenyewe, mzee Huntley alianguka kutoka juu ya mti wa tufaha akafa. Mjomba akamaliza masomo peke yake kwa vitabu viwili vilivyobaki, kimoja kikiwa cha magonjwa ya kondoo. Akarithi begi, kisu, koleo la meno na desturi ya mwezi.

Kwetu Ashbrook hakuna nyumba isiyo na kijitabu cha kalenda ya mwaka, kimetundikwa kwa uzi kando ya meko. Ndani yake kuna picha ya bwana mmoja uchi, tumbo limefunguliwa kama mlango wa ghala na yeye mwenyewe hana habari, amezungukwa na nyota kumi na mbili. Hamali, yule kondoo dume, ameshika kichwa, Thauri, yule fahali, shingo, na kuteremka hivyo hivyo mpaka Hutu, wale samaki, kwenye nyayo. Mwezi ukiwa katika nyota fulani, kiungo cha nyota hiyo hakiguswi kwa chuma. Hukatwi, hutolewi damu, hung'olewi jino. Mama hakubali hata kukata kucha za binti yangu Lois kabla hajatazama.

Basi mwaka elfu moja mia saba sabini na tano vita na mfalme wa Uingereza vikaja. Habari zilitufikia Aprili, wanaume wakaacha majembe shambani na kukutana mbele ya kanisa. Nao hawakukutana kwenda vitani. Walikutana kupiga kura. Sisi watu wa Ashbrook hatufanyi jambo bila kura. Tumewahi kupiga kura juu ya fahali wa mtu mmoja aliyekuwa akipiga kelele wakati wa mahubiri, na fahali akashindwa kwa kura nne. Siku hiyo walimchagua Elnathan Crouch, mtengeneza mapipa, awe kapteni, kwa kuwa ana sauti na ana farasi. Consider Plumb, shemasi wetu, akawa sajini na mwandishi. Mjomba akachaguliwa daktari wa kombania kwa sababu begi lilikuwa lake. Msumeno hakuwa nao, akaazimwa na seremala kwa masharti kwamba urudi safi.

Mume wangu Asa alikwenda nao. Septemba nami nikawafuata kambini, nje ya Boston, nikafue na kupika, Lois akiwa na miezi saba ndani ya kikapu cha matufaha. Jeshi la mfalme lilikuwa limejifungia mjini, letu limewazunguka, na kila upande unamngoja mwenzake achoke.

Ukimwuliza mjomba aliona nini vitani, atakwambia aliona kuhara. Aliona malengelenge, midomo iliyoungua kwa uji, na vidole vya miguu ambavyo wenyewe walivipiga risasi wakisafisha bunduki. Miezi yote hiyo adui alitujeruhia mtu mmoja tu, naye aliangukiwa na tofali la bomba la moshi. Wakija kutibiwa, neno la kwanza lilikuwa lile lile, "Mwezi uko wapi, daktari?" Walikuwepo wavivu waliokariri siku ambazo mwezi uko nyayoni, na siku hizo ndizo miguu yao iliuma.

Oktoba nikaona kapteni haketi. Alikula amesimama. Alisoma barua amesimama. Alimtembeza farasi wake kwa kamba kama mbuzi wa kwenda mnadani, akasema eti mnyama kachoka. Nilimwambia mjomba.

"Nimemwona," mjomba akasema. "Kiatu kinambana?"

"Mjomba, mtu mwenye kiatu kinachombana hukaa chini."

Akafikiri, akachukua begi.

Jumanne asubuhi tulimkuta Kapteni Crouch hemani kwake, amelala kifudifudi, uso mwekundu kama bitiruti iliyochemshwa. Mjomba akafunua shuka, akafunika tena, akatoka nje, akavuta pumzi, akarudi. Lilikuwa jipu, kubwa kama yai la bata, pale paja linapoishia na makalio kuanza. Mistari myekundu ilikuwa imeanza kupanda mgongoni. Homa ilikuwa kali mpaka mkono wa mjomba ukapata joto.

"Linatakiwa kupasuliwa leo," mjomba akasema.

"Mwezi uko wapi?" kapteni akauliza, uso kwenye mto.

Nilijua kwamba mjomba anajua. Alikuwa amekitazama kijitabu kabla ya kunywa uji, kama kila siku.

"Uko Kausi," akasema. "Mapajani. Mpaka Alhamisi."

"Basi tutaonana Alhamisi."

"Kapteni, hiyo homa haitangoja Alhamisi."

"Baba yangu alitolewa damu mkononi mwezi ukiwa mkononi. Hakufika jioni. Hunishiki, daktari. Na hiyo mikono yako hasa, hunishiki."

Mjomba alitoka akaketi juu ya gogo. Nikakaa naye, namnyonyesha Lois.

"Ukimwacha?" nikamwuliza.

"Kesho atakuwa anaongea na marehemu baba yake. Alhamisi tutamzika."

"Sasa si umkate?"

"Amekataa. Halafu, Zeruya..." Akasugua vidole vyake. "Halafu mwezi kweli uko mapajani."

Hapo nikaelewa kuwa wagonjwa walikuwa wawili.

Asa ndiye aliyezieneza habari, maana mume wangu hawezi kumeza kitu, hata mate. Kufikia saa nne kombania nzima ilikuwa mbele ya hema. Walimpenda Kapteni Crouch kwa sababu walimchagua wenyewe, na mtu hupenda kuona chaguo lake linadumu. Obed Tinker, mshona suruali, ndiye aliyesema tufanye mkutano wa mji.

"Huu si mji," Shemasi Plumb akasema.

"Mji si miti, Shemasi. Mji ni sisi."

Mkutano unataka msimamizi, na msimamizi wetu miaka kumi na moja mfululizo alikuwa Elnathan Crouch. Hakuna mwingine aliyejua kusema "wanaoafiki" kwa sauti ile. Kwa hiyo wanane wakambeba na kitanda chake, wakamtoa nje, amelala kifudifudi, wakamwekea shuka kwa heshima. Akaomba nyundo yake ya mapipa. Akagonga ubao wa kitanda, akajiumiza, akasema mkutano umefunguliwa.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya Obed. Alisema jipu haliko pajani. Liko kwenye makalio, na makalio hayana nyota.

"Kila kitu kina nyota," mtu akasema nyuma.

"Tazama picha. Yule bwana anatuelekea. Makalio yake nani kayaona?"

Wakalitazama jambo hilo kwa makini. Obed akaitwa atoe ushahidi kama fundi, paja linaishia wapi. Akasema kwa watu wengi kuna mkunjo, na hapo ndipo yeye hugeuza mshono, lakini yeye amemshonea Kapteni suruali tatu na kwa haki ya Mungu hajawahi kuuona mpaka wowote, ni nchi moja tu inayoendelea.

"Andika kwamba msimamizi amekasirika," kapteni akasema.

Hoja ikaanguka. Hapo Asa wangu akasimama, nami nikainamia kikapu, maana Asa akisimama mkutanoni huwa sijui tutafika wapi.

"Nauliza tu," akasema. "Tumekuja huku kwa nini? Kwa sababu mtu mmoja ng'ambo ya bahari anatuamulia mambo bila kutuuliza. Si ndiyo? Sasa mfalme mwenyewe tumemkatalia. Mwezi ni nani?"

Ukiwa mke wa mtu unaijua sura yake anapojishangaa mwenyewe.

"Natoa hoja," Asa akaendelea, "kombania hii iamue kwa kura kwamba mwezi uko magotini."

"Naunga mkono," Obed akasema.

Nilimtazama mjomba. Alikuwa amesimama karibu na begi lake, na mdomo umefunguka kidogo.

Walijadili kwa zaidi ya saa nzima. Homa ilikuwa inampanda kapteni, kila nikimbadilishia kitambaa cha maji kwenye paji la uso kinakauka kama kimewekwa juu ya jiwe la moto, na wao wanajadili. Shemasi Plumb alipinga. Alisema mambo ya nyota ni ya kipagani, na yeye hajawahi kuyaamini.

"Basi uko upande wetu," Asa akasema.

"Sipo. Mkipiga kura mwezi uko magotini, mmekiri kwamba mwezi unaweza kuwa magotini. Huo ni upagani."

"Shemasi, unataka kapteni akatwe au hutaki?"

"Nataka akatwe saa hii hii. Nami nitapiga kura ya hapana."

Jotham Risley naye alipinga, na sababu yake ilikuwa goti. Lilikuwa limejaa maji, na mjomba alikuwa amemwahidi kulitoboa kesho yake. "Mkiuhamishia mwezi magotini," akasema, "mimi nitatobolewa lini? Kapteni anapona kwa goti langu?" Watu wengi wakaona ana haki. Akatokea mwingine akataka iandikwe kwamba uamuzi ni wa kombania yetu tu na utaisha jua likizama, watu wa Massachusetts, wenyeji wa kambi ile, wasije wakalalamika kwamba tumewasogezea mwezi wao bila kuwauliza. Hilo likakubaliwa na wote.

"Wanaoafiki," kapteni akasema. Sauti ilikuwa imebaki nusu.

Shemasi akahesabu mikono. Ishirini na tisa.

"Wasioafiki."

Akahesabu tena. Ishirini na tisa.

Wakamgeukia kapteni, maana kura zikilingana msimamizi huamua. Akatikisa kichwa kwenye mto. "Mtu hapigi kura katika shauri la mwili wake. Ni kanuni. Mwaka tulipojadili uzio wangu sikupiga, na huu sipigi." Akavuta pumzi. "Nani hajapiga?"

Mimi nilikuwa nimeona. Mjomba alikuwa ameficha mikono chini ya aproni yake mara zote mbili.

"Daktari," kapteni akasema. "Wewe hukupiga."

"Sikupiga."

"Unaogopa?"

"Naogopa."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha, kwa kuwa mjomba hakucheka.

"Mnamkumbuka Submit Hale," akasema. Wote walimkumbuka, alikuwa mke wa Ezra Hale wa kinuni, mwanamke mwenye kucheka kwa sauti, alifariki mwaka mmoja kabla ya vita. "Alikuwa na jipu titini. Nilimkuta Jumatatu, nikatazama kijitabu, mwezi ulikuwa kifuani. Nikamwambia Ezra tungoje. Siku mbili. Niliketi pale jikoni kwao na kisu changu kimefungwa kwenye kitambaa, nikala mkate wao. Mwezi ulihama Jumatano asubuhi, saa kumi na mbili. Submit alikuwa ameondoka saa kumi."



"Na sijui," mjomba akasema. "Nikisema ningemkata angepona, sijui. Pengine mwezi ungemmaliza hapo hapo. Mimi nimefundishwa na mtu aliyeanguka mtini. Lakini kungoja nimekwisha kukuona kunafanya nini. Kukata sijakuona."

Akautoa mkono wa kulia chini ya aproni. Akaunyanyua, si juu sana, mpaka usawa wa sikio.

"Andika, Shemasi," kapteni akasema. "Thelathini kwa ishirini na tisa. Mwezi uko magotini." Akafumba macho. "Nitamtii nani kama siitii kombania yangu. Haya, njoo. Osha hiyo mikono kwa maji ya moto kwanza, nakuomba kama jirani."

Wakampa kapteni vikombe viwili vya pombe kali. Mjomba akakataa cha tatu, akidhani ni cha kapteni, kumbe walikuwa wanampa yeye. Mimi nilishika beseni. Wanne wakamshika kapteni miguu na mabega, na Jotham mwenye goti akiwa mmoja wao, analalamika huku ameshika kwa nguvu zote.

Kapteni alisema mkutano haujafungwa, na kwamba wataendelea na shughuli. "Hoja inayofuata," akasema. "Suala la kuni za—" Hapo mjomba akapasua. Nimezaa watoto watatu na sijawahi kutoa sauti ile. Lois, kikapuni, alidhani anachezewa, akacheka mpaka akapata kwikwi.

"Naahirisha suala la kuni," kapteni akasema baada ya muda.

Sitaeleza kilichotoka. Lilijaa beseni, na Asa, aliyemshinda mfalme na mwezi asubuhi ile ile, alianguka chini kama gunia la shayiri. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumwokota. Mjomba aliosha kidonda, akakiziba kwa pamba, akamwambia kapteni amekwisha. Kapteni akauliza kama kweli amekwisha au ni namna ya kusema. Mjomba akamwambia kazi ndiyo iliyokwisha.

Jioni jua likazama, na kwa mujibu wa uamuzi mwezi ukarudi mapajani. Mjomba alikaa kando ya kitanda. Kila nilipopita nilimwona ameinama amemwekea kapteni kiganja kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake mkono baridi ukawa na faida. Kapteni alimwambia asiuondoe. Asubuhi iliyofuata mistari myekundu ilikuwa imerudi chini. Alhamisi homa ilikuwa imeshuka, naye akaomba uji, akaula amesimama, akasema una chumvi nyingi.

Kombania ililewa ushindi kwa wiki nzima. Walipiga kura kwamba mvua ikome, hoja ikashindwa. Walipiga kura kwamba Obed haumwi jino, ikapita kwa wingi mkubwa, Obed pekee akipinga. Jotham alidai mkutano maalumu kwa ajili ya goti lake, lakini mjomba alimwita faraghani akamtoboa bila kumwuliza mtu, wala bila kufungua kijitabu. Jotham alikasirika sana kwamba hakupigiwa kura.

Muda wa kombania ulipokwisha Desemba tulirudi nyumbani kwa miguu kwenye theluji, kapteni akiwa juu ya farasi na mto. Tulipofika njia panda ya kinuni mjomba akasema tutangulie. Nikamwona anateremka na begi lake kwa Ezra Hale, ambako hakuwa amekanyaga tangu Submit afariki, polepole, kama mtu anayepita juu ya barafu asiyojua unene wake. Ezra alikuwa nje anapasua kuni. Mjomba akavua kofia. Hawakuingia ndani. Waliegemea uzio, mjomba anasema na Ezra anatazama shoka, muda mrefu, mpaka Lois akaanza kulia kwa baridi nikalazimika kwenda.

Mjomba alifika kwake, tulikokuwa tukimngoja, baada ya saa nzima, amebeba boga kubwa kwa mikono miwili. Mkewe akauliza katoa wapi.

"Kwa Ezra," akasema.

Mke wa mjomba alimtazama, akatazama boga. Akalipokea. Tulilila siku tatu.